Basi Lililobeba Mto

La, hawakuondoka Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku iliyokuwa imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni kwa Glenys, lakini waliondoka Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi, kwa sababu Clive alikuwa hajamaliza kupigilia kabati la vikombe, na Clive akishika nyundo humng'oi pale. Kwa hiyo anayekwambia Jumatatu hakuwepo. Wala hawakuwa watu sita. Walikuwa wanne: Merv Trask, ndiye dereva, mkewe Glenys, Clive, kaka yake Glenys, hajaoa na hajawahi kueleza kwa nini, na Noelene Pascoe, mjane wa Athol, rafiki yao tangu wote wana meno yao wenyewe.

Basi lenyewe lilikuwa la shule, limechoka. Merv na Clive walilichukua hivyo hivyo, wakang'oa viti wakaacha vinne vya mbele, wakatia vitanda, jiko la gesi, sinki, bafu ambalo mtu mnene anaingia kwa ubavu, na chini ya sakafu tangi la maji la lita mia tatu. Kazi ya miaka miwili hiyo. Unajua sisi wazee wa kusini mwa Australia, baridi ikianza mwezi wa tano magoti yanagoma. Tunafunga nyumba, tunakwenda kaskazini kwenye jua, kila mtu na nyumba yake ya magurudumu, barabara nzima wazee watupu. Ukipishana na mwenzio unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja tu. Ukiinua mkono mzima watu wanajua hiyo ni safari yako ya kwanza.

Basi wakatoka Harlow Bend, mji wao, ambao umejengwa pale mto unapokata kona. Nasema mto kwa mazoea. Mwaka wa kumi na moja huo maji yalikuwa hayajapita, watu wakawa wanaegesha magari mtoni, na siku za soko wanapiga mahema humo humo.

Sasa, kila nyumba ya magurudumu ina mipira miwili ya maji. Mweupe wa kunywea, mweusi wa kuoshea uchafu, na anayeichanganya hiyo miwili watu hawanywi chai kwake tena. Merv akaja na wa buluu. Wa zamani, umepauka, mrefu futi thelathini, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari stoo kwake miaka tisa, tangu siku aliyostaafu.

"Shemeji, huo umeufukua wapi?" Clive akauliza.

"Mpira mzuri huu. Haujawahi kuvuja."

"Wa kunywea ni mweupe."

"Maji hayana macho, shemeji. Tia hapo tuondoke."

Merv ni mtu asiyetupa kitu. Ana kopo la skrubu zilizopinda. Alipouchukua ule mpira hakufikiria hata kidogo ulikotoka, na hapo ndipo alipokosea.

Kwenda kaskazini kuna njia mbili. Ya mtoni imenyooka, inapita kwenye mashamba ya pamba. Ya milimani inazunguka, inaongeza siku nzima. Merv akashika ya milimani. Akasema anataka kuona mandhari.

"Tangu lini?" Glenys akamwambia. "Nilikupeleka baharini ukalala garini."

Merv akainua kidole kimoja kwa basi lililokuwa linapita.

Nikueleze mapema usije ukapotea. Merv alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba kubwa la pamba huko juu mtoni. Alifanya miaka ishirini na mbili, siku nne shambani, siku tatu nyumbani. Shamba lilikuwa na pampu mbili. Moja ina mita, serikali inakuja kuisoma. Ya pili ilikuwa nyuma ya mikaratusi, haina mita, na kwenye karatasi haipo. Ni pampu kubwa ya zamani, haishiki mpaka uinyweshe kwanza, uijaze maji tumboni kwa mpira. Kila jioni saa kumi na mbili kamili Merv aliinywesha, ikashika, ikanywa mto mpaka alfajiri. Huko chini, Harlow Bend, Athol Pascoe alikuwa na michungwa elfu mbili. Athol alikuwa na fimbo yenye mikato ya kisu, anaichomeka ukingoni jioni na asubuhi, na akawa anawaambia watu: jioni maji yako mkato wa saba, nikiamka yako wa nne, kuna mtu anaunywa huu mto usiku. Watu wakasema Athol kaanza kuchanganyikiwa. Michungwa ilikufa. Merv mwenyewe alikwenda kumsaidia kuing'oa na kuichoma. Mwaka haukwisha, Athol naye akalala siku moja asiamke. Noelene alikuwa hajui habari ya pampu. Glenys pia, maana mwanamume akirudi na nguo za matope unazifua, huulizi matope ya wapi. Kwa hiyo Merv alikuwa anaogopa kitu kimoja tu katika safari ile, kupita mbele ya lile shamba na Noelene akiwa amekaa nyuma yake.

Jioni ya kwanza wakaegesha kwenye kambi ya kando ya barabara. Merv akachomeka mpira kwenye bomba, akaenda kwenye viti. Saa kumi na moja wazee wote hutoa viti vyao, wanakaa duara, kila mtu anataja maradhi yake. Glenys alikuwa na mguu wa kondoo kwenye sufuria la chuma, ameupanga tangu nyumbani: siku ya kwanza tutakula mezani, wote wanne, tumekaa, kama watu. Alikuwa ameleta na kitambaa cha meza.

Kabla nyama haijaiva, maji yakaanza kumwagika chini ya basi. Clive akaenda kufunga bomba. Akakaa huko kidogo, akarudi.

"Bomba limeandikwa bovu," akasema. "Halina hata mkono."

"Sasa maji yanatoka wapi?" Glenys akauliza.

"Yanakuja tu. Nimeuchomoa mpira, nimeuweka chini kwenye vumbi, unaendelea kumeza."

"Basi kila mtu aoge."

Wakaoga. Noelene akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Taa za tangi, zile nne ndogo za kijani zinazoonyesha maji yamefika wapi, ziliwaka zote na hazikuzimika. Chini ya viti pakawa matope, meza inazama, ikabidi wale wamesimama, kila mtu na sahani yake. Glenys akakikunja kitambaa akakirudisha kabatini.

Asubuhi Noelene akanywa chai, akakishusha kikombe.

"Haya ni maji ya mto wetu," akasema.

"Maji ni maji," Clive akasema.

"Miaka arobaini nimepikia maji haya. Yana ladha ya udongo na mizizi. Merv, onja."

Merv akaonja. Akasema ni tangi jipya, litakuwa na harufu ya plastiki. Halafu akaukunja mpira, mizunguko tisa, mkia ndani, kama alivyozoea kuukunja kazini, akautia kwenye sanduku la pembeni akafunga kufuli. Walipofika kilomita mia mbili akasikia chini ya miguu yake maji yanaingia: glu, glu, glu. Mpira ulikuwa umezoea kazi.

Siku ya tatu basi likawa linapanda mlima kama ng'ombe mwenye mimba. Kulikuwa na samaki watatu kwenye sinki, wale wa tumbo la njano wa mtoni kwetu. Juu ya paa walikaa mwari wawili, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo, hawakushuka hata Merv alipopiga honi. Nyuma yao majani yalikuwa yameanza kuota ukingoni mwa lami. Walipopumzika kwenye kambi ya mchana majirani wakaja na ndoo, wakapanga foleni kwa utaratibu. Mzee mmoja mwenye kofia ya taulo akamwambia Merv yeye aliwahi kusafiri na mvua, ilimfuata wiki mbili, mto ni nafuu kwa sababu haulowanishi kitanda.

Merv akangoja mpaka wengine wapo kwenye foleni ya ndoo. Akautoa mpira, akavuka barabara, akautundika kwenye uzio wa watu, akaondoka bila kugeuka. Walipofika mizani alifungua sanduku la pembeni kumwonyesha mkaguzi. Mpira ulikuwa humo. Mizunguko tisa, mkia ndani.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye miwani, anaandika kwa mkono wa kushoto.

"Basi lenu lina tani kumi na tisa," akasema.

"Lilitoka nyumbani na tisa," Clive akamwambia.

"Mmebeba nini?"

"Mto," Noelene akasema kutoka dirishani.

Binti akageuza fomu, akatafuta mahali. "Mzima au sehemu?"

"Sehemu."

Akaandika sehemu. "Daraja la mlimani mwisho wake tani kumi na tano. Rudini nyuma kilomita thelathini, mshike barabara ya mtoni."

Merv akashuka kitini. "Mwanangu, ngoja. Tutaufungua hapa pembeni, tutaumwaga, dakika kumi tu."

"Mzee, kumwaga mto barabarani ni kosa. Mto unamwagwa mtoni." Akang'oa karatasi, akampa. "Na wale ndege wakae katikati ya paa. Wamelemea upande mmoja."

Merv akageuza basi. Glenys akamtazama jinsi anavyoshika usukani, kidole hamwinulii mtu, akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Akasema ndiyo, tumbo. Jioni ile nayo hakukuwa na meza. Clive alikaa na karai lenye wale samaki watatu kwa sababu sinki lilihitajika, Noelene alilala mapema, Glenys akala mkate kitandani akiwa amevaa viatu.

Siku ya nne asubuhi, ikiwa barabara imenyooka kama rula na upande wa kulia mikaratusi inafuata mto mkavu, Noelene alikuwa nyuma anaosha vikombe. Bomba la sinki likakwama. Akalitazama. Kulikuwa na kijiti kinachungulia kwenye mdomo wa bomba. Akakishika akakivuta. Kikaja kidogo. Akaendelea kuvuta, taratibu, kama mtu anayetoa uzi kwenye sindano, kikatoka mkono mzima, kikatoka mikono miwili, mpaka ikawa fimbo kamili, mti mgumu, imekatwa kwa kisu mikato kumi. Ilikuwa kavu. Akaifuta hata hivyo, akaja nayo mbele, akakaa kwenye kiti nyuma ya Merv na fimbo magotini.

"Hii ni ya Athol," akasema. "Niliitupa mimi mwenyewe mtoni."

Clive akaitazama. "Ndiyo yenyewe. Huo mkato wa sita alijikata na kidole."

"Merv," Noelene akasema, "ule mpira uliutoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Lile la zamani. Lilifungwa."

Noelene akaigeuza fimbo magotini. Merv akamwona kwenye kioo, anapitisha kidole gumba kwenye mikato, mmoja mmoja, kushuka na kupanda.

Halafu wakafika. Kwanza marobota, makubwa ya duara, yamefungwa plastiki ya njano, yamepangwa kando ya barabara hadi macho yanachoka. Pamba nyingine imepeperuka imenasa kwenye nyaya, utadhani kuna mtu alichana mto wa kulalia. Baada ya marobota, malambo. Yale malambo ni makubwa, ng'ambo huioni vizuri, maji yametulia, bata wamejaa.

"Wamepata wapi maji yote haya?" Noelene akauliza.

"Mvua," Clive akasema. Halafu akafikiria. Hakuna aliyekumbuka mvua.

Merv akalisogeza basi pembeni, akavuta breki ya mkono, injini akaiacha ikinguruma. Akaongea akitazama barabara kwenye kioo cha mbele, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Akasema pana pampu mbili pale. Akasema ya pili iko nyuma ya ile mikaratusi. Akasema habari ya saa kumi na mbili jioni, na ya kuinywesha, na kwamba mpira ni huo ulioko sandukuni. Haikuchukua muda mrefu. Mambo ya miaka ishirini na mbili, ukiyasema, ni kama dakika tatu.

Glenys akasema, "Matope yale."

"Ndiyo."

Noelene alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Ulikuja kwangu kula, Merv. Kila Jumapili. Athol alikwambia mezani kwangu, kuna mtu anaunywa huu mto usiku. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia apumzike."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia amezeeka."

"Eh. Na mimi nikakuamini. Nikampeleka kwa daktari, wewe ndiye uliyetuendesha. Daktari akampa vidonge, akawa hawezi kuamka kwenda kupima. Akaniambia Noelene, fimbo iko wapi, nikamwambia imepotea."

Mwari mmoja akatembea juu ya paa, toka mbele hadi nyuma, wote wakamsikiliza.

"Noelene, naomba..."

"Usiniombe kitu leo. Washa gari."

"Linawaka," Clive akasema kwa upole.

"Basi liende. Mji wa mbele una ofisi ya maji. Athol aliwaandikia barua kumi na moja. Utakwenda kuwaambia ulivyoniambia mimi."

Merv akaenda. Mimi namsema mengi Merv lakini hilo alilifanya, hakungoja kusukumwa, alishuka wa kwanza akavua kofia mlangoni. Karani alikuwa na tai ya kijani na sandwichi kwenye droo. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Ile ya nyuma ya mikaratusi," karani akasema.

"Hiyo hiyo. Haina mita."

"Tunaijua. Ina kibali, tangu mwaka juzi."

"Kibali cha nini?" Noelene akauliza.

"Cha kutokuwa na mita, mama. Waliomba wakapewa. Kwa kuwa imetumika muda mrefu."

"Mume wangu alilalamika. Pascoe. Athol Pascoe."

Karani akaenda nyuma, akarudi na faili linachuruzika. Barua zote kumi na moja zilikuwemo, zimegongwa mhuri imepokelewa, na zote zimelowa chapachapa, wino unasomeka vizuri tu. Akaweka gazeti chini yake kuikinga meza. "Faili za maji ndivyo zilivyo," akasema. "Mlalamikaji anaruhusiwa kukata rufaa. Fomu hii. Ajaze mwenyewe, aje na kitambulisho."

"Amekufa."

"Pole sana, mama. Basi itasubiri. Haina mwisho wa muda."

"Mimi je?" Merv akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naiwasha. Naweza kusaini mahali."

Karani akamtafutia, kwa kweli alitafuta, alifungua droo tatu. "Hatuna fomu ya anayewasha," akasema.

Wakatoka. Nje Noelene akasimama kwenye jua akaitazama ile fomu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba pamoja na miwani yake. Akasema twende mtoni.

Wakarudi nyuma kidogo, wakakata njia ya vumbi mpaka ukingoni, mahali palipo juu ya shamba, yaani maji yakiteremka yanapita hapo kwanza ndipo yafike kwenye zile pampu. Ilikuwa saa tisa. Mto pale ulikuwa na vidimbwi viwili na ng'ombe mmoja. Merv akarudisha basi kinyumenyume mpaka matairi ya nyuma yakagusa mchanga, Clive anamwelekeza kwa mikono, njoo, njoo, hapo hapo. Merv akafungua koki ya tangi.

Lita mia tatu ni robo saa, hata haifiki. Yale yalitoka kwa saa tatu nzima bila kuisha. Yalitoka kwa nguvu, ya rangi ya chai ya maziwa, yana majani ya michungwa ndani na samaki wengi kupita walivyowahesabu. Mwari wakashuka paani wakaogelea. Ng'ombe akasogea. Vidimbwi vikaungana, mto ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo, ukaanza kuteremka kuelekea shambani, kuelekea nyumbani, ukipiga sauti ambayo Harlow Bend walikuwa wameisahau. Basi likainuka sentimita kwa sentimita juu ya springi zake. Clive akavua viatu, akaingia hadi magotini, akasimama tu.

Noelene alichomeka fimbo ukingoni. Alikaa chini kwenye majani, na gauni lake zuri la safari. Mkato wa kwanza. Wa tatu saa kumi. Saa kumi na moja na nusu maji yalikuwa mkato wa saba, akasema "saba" kwa sauti, akimwambia mtu ambaye hakuwa mmoja wao.

"Yakipita usiku huu," Glenys akasema, "Ijumaa ijayo yatakuwa nyumbani. Yatakuta watu wameegesha."

Merv alikuwa anaangalia saa yake. Hakutaka kuiangalia lakini mkono ulijiinua wenyewe, kama ulivyokuwa ukijiinua miaka yote. Saa kumi na mbili kamili akaisikia. Kwanza kikohozi, mara mbili, halafu ngurumo ya chini, halafu ikatulia ikawa mvumo mmoja. Wengine walidhani trekta. Yeye aliijua kama unavyojua mwenzio anavyokoroma.

"Ndiyo hiyo?" Noelene akauliza.

"Ndiyo."

"Nani anainywesha siku hizi?"

"Sijui. Labda hainyweshwi tena."

Mto haukukauka ghafla. Uliendelea kuteremka vizuri, unakata kona kwenye mikaratusi, na baada ya kona haukuwepo. Clive alikwenda kuangalia kwa miguu akarudi na viatu mkononi. Akasema ng'ambo ya pampu ni mchanga, mchanga mkavu, una nyayo za kangaruu za asubuhi. Kwenye fimbo maji yakashuka. Sita. Tano. Noelene akasoma mpaka wa nne, hakutaka kuondoka kabla ya wa nne. Ulipofika akaichomoa fimbo, akaikung'uta, akaja nayo.

"Alipima sawa," akasema.

Koki ilikuwa bado wazi, maji bado yanatoka. Merv akauliza aifunge. Noelene akasema iache. Mpaka leo, wakienda kaskazini kila mwezi wa tano, basi linapita pale linamwaga, na saa kumi na mbili pampu inashika. Yule binti wa mizani anawapa fomu ikiwa imeshajazwa.

Glenys alikuwa ametandika kitambaa. Ardhi ile ilikuwa kavu, ukingo wa juu, meza ilisimama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Alikaanga samaki watatu wa kwenye karai, na viazi, na vitunguu pembeni kwa sababu Clive hali vitunguu. Akaweka viti vinne. Merv akabaki amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti, hajui kama ni chake bado.

"Jamani chakula kinapoa," Glenys akasema. "Siku ya nne leo nawaomba mkae."

Clive akakaa. Glenys akakaa. Noelene akaiegemeza fimbo kwenye basi, akaingia ndani, akarudi na glasi moja ya maji ya sinki, akaiweka mbele ya kiti cha Merv.

"Kaa," akamwambia.

Merv akakaa.

"Kunywa."

Akanywa yote. Yalikuwa na ladha ya udongo na mizizi. Aliposhusha glasi ilikuwa imejaa tena, hadi mdomoni, jani dogo la mchungwa linaelea juu.

"Kunywa," Noelene akasema, naye akavuta kiti chake, akakaa, akajipakulia samaki, akaomba chumvi.

Clive akampa chumvi. Wakaanza kula.